Waya Upi Utangulie Kufunguliwa?

SWALI: Ndugu mhariri, nataka kuitoa betri ya gari langu nyumbani ili nikaichaji. Rafiki yangu anasema kwamba hakuna tofauti yoyote nikianza na waya huu au ule. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli hata kidogo, na ninakusihi usimfuate katika jambo hili. Zima injini, chomoa ufunguo, kisha ulegeze kwanza waya wa upande hasi, wenye alama ya kutoa, ambao mara nyingi ni mweusi. Katika magari mengi ya leo bodi yenyewe imeunganishwa na upande huo. Kwa hiyo ukianza na upande chanya, na spana ikagusa chuma chochote cha gari ingali imeshika nati, umeme mwingi utapita ndani yake kwa ghafla, cheche zitaruka, na spana itapata moto wa kukuunguza mkono. Betri, hasa iliyotoka kuchajiwa, hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche moja tu. Pete na saa ya chuma uzivue kabla ya kugusa chochote.

Ule unga mweupe au wa kijani unaoganda kwenye ncha usiupulize. Vaa glavu na miwani, kwa kuwa ndani ya betri mna asidi ya salfa. Legeza kibano kinachoishikilia, uinyanyue ikiwa wima, tena kwa uangalifu, maana uzito wake unaweza kufikia kilo 15 au zaidi. Utakapoirudisha, chanya hutangulia na hasi hufungwa mwisho.