Anko Safari Anajibu: Maji moto ya milimani, kwenda na kurudi siku moja

*Anko shikamoo. Mi niko Bern, Uswisi. Mama yangu kaja toka Tanga kunitembelea na magoti yanamsumbua sana, hasa na baridi hii. Wenzangu kazini wananambia nimpeleke Leukerbad kwenye maji ya moto mlimani, eti watu wanaenda asubuhi jioni wako nyumbani. Sasa nimesikia huko wazungu wanaoga uchi, wake kwa waume, na mama yangu ni Hajjat, akikuta mambo hayo si ndo nitapewa laana? Na ninao watoto wawili, wa miaka sita na tisa, watafanya nini siku nzima? Siku moja inatosha kweli? — Binti wa Tanga*

Marahaba binti, na mama msalimie sana.

Tuanze na uchi maana najua ndo unaokunyima usingizi. Kwenye mabwawa yenyewe kila mtu anavaa nguo za kuogelea, ni lazima, ukienda bila nguo unatolewa. Uchi upo kwenye sauna, na kwenye bafu moja la pale linaloitwa Walliser Alpentherme upo pia kwenye ile huduma yao ya bafu la Kirumi na Kiairishi, ambayo ina mlango wake na unailipia kivyake, huwezi kujikuta umeingia kwa bahati mbaya wakati unatafuta choo. Kwa hiyo ukiona kibao cha sauna geuza, yamekwisha. Kitu kimoja tu umwandae mama: kwenye shawa za wanawake, wanawake wenzake watavua pale pale bila habari na mtu. Vyumba vidogo vya kubadilishia vipo, aingie humo afunge mlango. Kama anataka kuvaa lile vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima, piga simu siku moja kabla uulize, kila bafu lina sheria zake na hutaki kubishana getini na mtu mzima kasimama pembeni. Ila kanga asahau, nguo ya pamba haiingii bwawani.

Siku moja inatosha, tena inabaki. Toka Bern unachukua treni ya Visp, haifiki saa nzima kwa sababu inapita ndani ya mlima kwenye handaki la Lötschberg, kilomita 34.6, lilifunguliwa 2007. Visp unabadilisha treni mpaka Leuk. Hapa angalia: Leuk ni stesheni ya bondeni, Leukerbad yenyewe iko juu mita 1,411, na toka stesheni unapanda basi kama nusu saa hivi, kona juu ya kona. Zamani kulikuwa na kitreni cha meno kinapanda mpaka juu, kikafa 1967, sasa ni basi tu. Kama kuna mtoto anayetapika garini mkalishe mbele na asile chochote kizito pale Visp. Jumla kama masaa mawili mlango kwa mlango, ongeza kidogo kwa sababu ya mama na magoti yake kwenye kubadilisha treni. Watoto wachukulie kadi ya Junior, ni faranga 30 kwa mwaka mzima na wanasafiri bure ukiwa nao. Mama mtafutie tiketi ya punguzo ya siku nzima, hiyo inataka kununuliwa mapema, kadri unavyosubiri ndo bei inapanda. Wewe Halbtax, ile kadi ya nusu nauli, nadhani unayo, mtu anaishi Bern bila Halbtax sijui anaishije.

Sasa maji, na hapa ndo nataka unisikilize. Swali la kwanza la kuuliza popote kwenye maji moto ni digrii, yanatoka na digrii ngapi na yakifika kwenye mwili wako yamebaki ngapi. Watu wanauliza bei, wanauliza picha, hili hawaulizi. Leukerbad maji yanatoka ardhini na digrii 51, ni mvua na theluji iliyozama kwenye miamba miaka mingi nyuma, ikashuka chini kabisa ikapata moto afu ikapanda tena, na yanatoka kama lita milioni 3.9 kila siku. Digrii 51 inaunguza, kwa hiyo wanayapooza kabla hayajaingia bwawani, na mabwawa yanatofautiana, yapo ya 28 ya kuogelea na yapo yanayopita 40. Mama mpeleke kwenye la 35 au 36. Dakika kumi na tano, ishirini, atoke, akae kwenye kiti ajifunike taulo, anywe maji ya kunywa, akijisikia vizuri arudi tena. Lile la zaidi ya 40 watoto wasiingie kabisa, na mama kama ana presha naye aliache.

Je magoti yatapona? Hapana, asije akaacha dawa. Ila maji ya vuguvugu yanambeba, uzito unaondoka kwenye goti, misuli inalegea, na wengi wenye magoti mabovu wanatembea vizuri zaidi siku hiyo na pengine kesho yake. Maji ya pale yana kalsiamu na salfeti lakini mi naamini kazi kubwa inafanywa na joto lenyewe na kule kuelea. Mama wa Tanga lakini haya hayamshangazi, si chemchemi ya moto ya Galanos iko hapo nje ya mji tu, na harufu ile ya kiberiti anaijua. Mwambie huku harufu ni kidogo sana, asije akadhani wamemdanganya.

Kwa ajili ya watoto chagua Leukerbad Therme, ndo lina bwawa la watoto na mitelezo. Alpentherme ni la watu wanaotaka kimya, na watoto wako wa miaka hiyo kimya hawakijui. Fika kabla ya saa nne asubuhi, siku ya kazi kama unaweza kupata ruhusa, wikiendi na likizo za shule pamejaa. Ukishakuwa kwenye bwawa la nje, theluji pembeni, mvuke unapanda na ule ukuta wa mwamba wa Gemmi umesimama juu ya kichwa, hata hao watoto watatulia dakika mbili tatu.

Na tafadhali usijaribu kupachika kila kitu. Utaona kigari cha kuning'inia kwenye waya kinachopanda mpaka Gemmi, mita 2,350 huko juu, utashawishika. Mtu aliyetoka kwenye maji ya moto kalegea, nywele mbichi, unampandisha kwenye upepo wa barafu wa nini? Kama watoto wamechoka maji na njia haina barafu, kuna daraja la chuma limetundikwa kwenye korongo la mto Dala, kama mita 600, mnaona hadi chemchemi yenyewe ya moto inatoka kwenye mwamba. Mama abaki mgahawani na chai. Nywele zikaushwe kabisa kabla ya kutoka nje, kama umesuka rasta vaa kofia ya kuogelea tangu mwanzo, maana kukausha rasta kwenye ile mashine yao ya ukutani ni kazi ya nusu siku.

*Niaje Anko. Tuko chama, watu kumi na wanne, tunataka kutoka Nairobi Jumapili twende ile spa ya Olkaria, Naivasha, turudi jioni. Kuna mmoja ameleta programu: baiskeli Hell's Gate, kushuka kwa korongo, spa, boti ya ziwa na nyama choma. Itawezekana? Na tena kuna mwingine anasema yale maji ni uchafu wa kutengeneza stima, eti yana kemikali. — Treasurer wa Chama, Umoja*

Poa sana Treasurer. Huyo wa programu mwambie achague vitu viwili na nyama, nyama haihesabiwi.

Uchafu si neno la haki. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wanachimba visima virefu mpaka kwenye joto la volkano, mvuke unaenda kuzungusha mashine za umeme (Olkaria wanafanya hivo tangu 1981) na yale maji moto yenye chumvichumvi yanayotenganishwa na mvuke ndo yanapelekwa kwenye madimbwi kupoa, dimbwi baada ya dimbwi, mpaka yanafikia joto la kuogea. Ile rangi ya buluu ya maziwa ni silika. Harufu ya yai bovu ni salfa, pua inazoea baada ya muda. Kwa hiyo kemikali zipo ndio, lakini zimetoka chini ya ardhi na hayo maji, hakuna aliyekuja na ndoo akamwaga. Usiyanywe, usiyaingize machoni, na ukitoka oga maji ya kawaida la sivyo ngozi itakauka mpaka ujichore kwa kucha. Pete na mikufu ya silver acheni kwa gari, itageuka nyeusi na mtaanza kulaumiana.

Pesa sasa, maana wewe ndio Treasurer. Spa iko ndani ya Hell's Gate kwa hiyo mnalipa mara mbili, ya KWS, shirika la wanyamapori, ya kuingia mbugani na ya spa yenyewe, na gari pia inalipiwa. Ya KWS ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, keshi hawashiki, lipa usiku ukiwa nyumbani na intaneti nzuri, si getini watu kumi na tatu wakikupigia kelele kwa dirisha.

Mpangilio: baiskeli kwanza asubuhi kabla jua halijakuwa kali, spa baadaye. Msigeuze. Mtu ametoka kwa maji moto saa nzima miguu ni ugali, ukimpa baiskeli apande kilima cha Olkaria mtambeba. Korongo mi ningeliacha siku hiyo, na kama kuna dalili yoyote ya mvua, hata kama ni mawingu ya mbali huko juu, msishuke hata ranger akiwa na roho nzuri kiasi gani. Mafuriko ya ghafla yaliua watu pale 2012 na tena 2019, na maji yanaweza kutoka mbali mahali mvua imenyesha wakati nyinyi mko kwa jua. Boti wekeni siku ingine.

Bia ni baada ya maji. Naijua chama. Joto linafungua mishipa, presha inashuka, pombe nayo inafanya hivo hivo, mtu anasimama ghafla anaona nyota anaanguka kwa sakafu iliyolowa. Afu kama mnaweza badilisheni iwe Jumamosi. Jumapili jioni kila aliyekuwa Naivasha anarudi Nairobi saa moja na nyinyi, pale kupanda toka Mai Mahiu mtakaa mpaka mchanganue hesabu za chama zote za mwaka. Ikibidi Jumapili basi tokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana muwe mmeshatoka kwa maji.

*Anko, mimi nina sukari na mke wangu ana mimba ya miezi miwili. Tumealikwa na marafiki kwenda kuoga maji moto. Twende au tusiende? — Baba Mtarajiwa, Dodoma*

Mkeo asiingie kwenye maji yanayozidi joto la mwili, hasa miezi hii ya mwanzo, mtoto hapendi mama yake akipata moto kupita kiasi. Akae pembeni aweke miguu kwenye yale ya vuguvugu, apige stori. Na amuulize daktari wake kliniki, si mimi.

Wewe wa sukari tatizo lako ni miguu. Kama nyayo zimeanza kufa ganzi hutajua maji yamekuunguza mpaka uone lengelenge, kwa hiyo jaribu kwa kiwiko cha mkono au umtume mtu mwingine aingie kwanza. Ukiwa na kidonda chochote mguuni, hata kidogo, usiingie. Na kama unachoma insulini, jua kwamba joto linaifanya iingie mwilini haraka zaidi, sukari inaweza kushuka, kwa hiyo ule kabla na uwe na kitu kitamu mfukoni.

*Anko mambo. Nina wageni wawili toka Ujerumani, wanataka maji moto ya asili. Niwapeleke Chemka au tuvuke mpaka Bogoria Kenya, nimeona picha mvuke unaruka juu? — Kijana wa Moshi*

Safi mdogo wangu. Turudi kwenye digrii. Chemka si ya moto, ni maji masafi ya buluu chini ya mikuyu, yamepoa vizuri, ukitoka kwenye jua la Boma Ng'ombe unashukuru, na visamaki vitawatafuna ngozi ya miguu mpaka wacheke. Wageni wakiambiwa wanaenda kwenye maji moto kama ya kwao watakuuliza maswali, kwa hiyo waambie ukweli kabla hamjapanda gari. Ni marefu, asiyejua kuogelea akodi boya, na ile kamba ya kuruka iangalieni kwanza kama chini yake hakuna mtu.

Bogoria ni kinyume chake kabisa. Ule mvuke unaouona kwenye picha ni maji yanayochemka, watu wanachemshia mayai pale, hakuna wa kuyapooza na ukingo wake unaweza kubomoka ukiukanyaga. Pale mnaangalia kwa mbali, mnapiga picha za heroe kama wapo, basi. Kuoga mnaoga kwenye hoteli iliyo karibu na geti la Loboi, ina bwawa la maji ya chemchemi yaliyokwisha poa. Ila toka Moshi huko si safari ya kwenda na kurudi siku moja, hata dereva wako awe nani.

Wapeleke Chemka, siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Jumamosi mziki unakuwa mkubwa mno na wazungu wako hawatasikia hata ndege mmoja.