Mtoto anahara na kutapika: anza na maji, mdudu atatafutwa baadaye

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi 14 alipoamka usiku na kutapika. Hadi kunakucha alikuwa ametapika mara sita na kuhara mara nne, choo cha majimaji kisicho na damu. Usiku kucha nilikuwa na swali moja tu: amekula nini? Asubuhi nikakimbilia duka la dawa, nikapewa metronidazoli na antibiotiki nyingine ya maji, nikampa zote mbili. Akazitapika. Nikampa tena. Kufikia mchana alikuwa analia bila machozi, na nepi niliyomvalisha alfajiri ilikuwa bado kavu.

Hospitalini daktari hakuniuliza mtoto amekula nini. Alifinya ngozi ya tumbo lake, akaiachia, akaitazama inavyorudi. Akaangalia macho yaliyokuwa yamedidimia. Kisha akaniuliza mtoto amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, nami sikuwa na jibu.

Mimi si daktari. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuuliza, kusoma na kuuguza watoto wawili, na ningependa mzazi mwenzangu ayajue kabla ya usiku kama ule.

Kuhara ni kupata choo laini au cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Utumbo ukishambuliwa na vijidudu, hushindwa kufyonza maji, au wenyewe huanza kuyamwaga. Mara nyingi kinachomwondoa mtoto duniani si kile kidudu, ni maji na chumvi vinavyotoka naye akikosa vya kufidia. Ndiyo maana maji ya ORS, yaani maji yaliyochanganywa chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, yanafanya kazi hata kama hakuna anayejua chanzo cha ugonjwa. Ukuta wa utumbo una njia inayopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Njia hiyo huendelea kufanya kazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu.

Kisa kimoja hunigusa kila nikikikumbuka. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, kipindupindu kilizuka kwenye kambi za wakimbizi upande wa India. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyekuwa katika mji wa Bangaon, aliona dripu zinakwisha na wagonjwa wamelala hadi sakafuni. Akaamua wanyweshwe maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, tena na ndugu zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Ndugu wa wagonjwa, kwa vikombe tu!

Kwa hiyo pakiti ya unga wa ORS tusiidharau. Ichanganye kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usipunguze maji wala usiongeze sukari. Mchanganyiko unaotumika tangu 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita, pamoja na potasiamu na sitreti, na vipimo hivyo vimepangwa kwa makusudi. Soda na juisi zina sukari nyingi mno, na sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni, mtoto akazidi kuhara. Pakiti zikikosekana kabisa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi vitakusogeza hadi upate msaada. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage.

Kosa nililolifanya mimi, na nimewaona wengi wakilifanya, ni kumpa mtoto anayetapika kikombe kizima kwa mkupuo. Kinarudi chote, nawe unakata tamaa. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai, ngoja kidogo, kingine. Ni kazi ya kuchosha mno saa 8 za usiku, lakini ndiyo tiba yenyewe. Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apate 100 hadi 200, na mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula ale. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" humdhoofisha tu. Kisha vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma mapema. Sehemu ya kukoma ndiyo inayotuangusha wazazi wengi, maana mtoto akishachangamka vidonge vinasahaulika.

Sasa turudi kwa huyo mdudu. Kwa watoto wadogo, virusi ndivyo vinavyotangulia. Virusi vya rota vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, na ndivyo vilivyokuwa vikiongoza kwa kuhara kukali kabla ya chanjo kuenea. Chanjo yake ni ya matone, huanza mtoto akiwa na wiki 6, na ni ya umri mdogo tu, kwa hiyo ukichelewa sana nafasi inapita. Norovirusi huwapata wa umri wote, hutapisha ghafla, na kwa kawaida hukaa siku 1 hadi 3. Vinaambukiza upesi mno, na vitakasa mikono vya spiriti havivimudu vizuri, kwa hiyo nawa kwa sabuni na maji tiririka. Antibiotiki haiui kirusi hata kimoja. Zile dawa nilizomnywesha mwanangu hazikuwa na wa kumpiga, zilimwongezea kichefuchefu tu.

Bakteria nao wana dalili zao. Shigela, kampilobakta na salmonela mara nyingi huja na homa, maumivu ya kukata na wakati mwingine damu chooni. Kipindupindu huleta choo kama maji yaliyooshewa mchele, kingi kiasi cha kummaliza hata mtu mzima kwa saa chache. Kuna pia sumu zilizokwisha tengenezwa na bakteria ndani ya chakula kilichokaa nje: mtu hula, na ndani ya saa 1 hadi 6 anatapika, kisha hupona ndani ya siku moja au mbili. Vimelea kama giadia na amiba huenda polepole, kwa hiyo kuhara kunakovuka siku 14 kunahitaji kuchunguzwa.

Je, lazima upime choo? Mara nyingi hapana. Daktari hupata mengi kwa kuuliza: kulianza lini, damu ipo, homa ipo, nani mwingine anaumwa, umesafiri, umetumia antibiotiki karibuni? Kipimo kinafaa pale jibu litakapobadilisha tiba: choo chenye damu, homa kali, mgonjwa mwenye kinga dhaifu, kuhara kusikokoma, au mlipuko wa watu wengi. Hadubini huonyesha vimelea. Kuotesha bakteria huchukua kama siku 2 au 3 lakini huonyesha pia dawa gani itawaua. Vipo na vipimo vya haraka vya rota, na mashine zinazosoma vinasaba vya vijidudu vingi kwa mkupuo mmoja. Tahadhari moja: kuona vimelea vichache chooni si ushahidi kwamba ndivyo vinavyokuharisha leo, maana watu wengi hubeba giadia bila kuumwa.

Dawa za kuua vijidudu zina mahali pake, na hapo ni muhimu kweli. Kuhara damu kwa shigela hutibiwa kwa siprofloksasini au azithromaisini kulingana na jinsi bakteria wa eneo hilo walivyo sugu kwa dawa. Kipindupindu kikali hupewa doksisaiklini juu ya maji, si badala yake. Amiba hupigwa kwa metronidazoli au tinidazoli, ikifuatwa na dawa nyingine ya kusafisha mabaki utumboni. Lakini kuna aina ya bakteria wa E. koli inayotoa sumu ya kuharibu figo, na antibiotiki inaweza kuongeza hatari hiyo. Kwa hiyo choo chenye damu si cha kununulia dawa dirishani, ni cha kumpeleka mgonjwa akaonwe. Dawa za kufunga choo kama loperamidi usimpe mtoto mdogo kabisa, wala mtu mzima mwenye homa au damu chooni.

Nenda hospitali mara moja ukiona mtoto amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho au utosi umedidimia, ngozi ikifinywa inarudi polepole, au hajakojoa kwa saa 6 hadi 8. Matapishi ya kijani, tumbo lililokaza, au kutapika bila kuhara kabisa vinaweza kuwa ugonjwa mwingine, pengine wa upasuaji. Mtoto wa chini ya miezi 6 na mzee usiwasubirie.

Mwanangu wa pili aliugua akiwa na mwaka mmoja na nusu. Safari hii sikuuliza amekula nini. Nilichukua daftari nikachora safu tatu: vijiko alivyokunywa, alivyotoa, mkojo. Karibu na saa 5 usiku safu ya mkojo ilikuwa tupu kwa saa 5, nikawasha taa ya sebuleni na kuandaa begi la hospitali huku nikiendelea na kijiko. Saa 6 na dakika 20 nikaandika: amekojoa. Nikachanganya lita nyingine.