Mwambie fundi wako arudishe hivyo vibati (beringi za ekseli, Ferguson TE20)

Mkuu, weka spana chini.

Umesema una trekta la Ferguson TE20 la marehemu babu, bitana za breki (zile pedi zinazosugua dramu) zimelowa oili magurudumu yote mawili ya nyuma, na unauliza ununue bitana zipi, sili ipi (kile kizuizi cha oili), na kama ni sawa fundi akitoa kibati kimoja kila upande (kile kipande chembamba kinachoweka nafasi ya beringi) "ili ekseli isicheze kabisa". Mengine tutayaona. Hilo la kibati ndilo lililonilia beringi mbili, sili mbili, seti nzima ya bitana mpya na msimu mmoja wa kulima.

Na mimi nilikuwa na fundi. Miaka thelathini kwenye matrekta, ndivyo alivyojitambulisha, na mikono yake kweli ilikuwa nyeusi kuthibitisha. Akashika gurudumu, akalivuta, likatoa "tok". Akaniangalia kama daktari anayeleta habari mbaya: "Bosi, beringi ina plei. Ndiyo maana oili inavuja." Plei ni ile nafasi ya ekseli kucheza. Hapo alikuwa sahihi nusu. Ekseli ikiingia na kutoka kupita kiasi, mdomo wa sili unalika na oili inahamia kwenye dramu. Lakini dawa yake! Alitoa vibati viwili kushoto, viwili kulia, akakaza bolti, akazungusha kwa mkono, ikazunguka kwa uzito kidogo. "Umeona? Imekaa kama mpya." Nikamlipa, na nikamwongezea ya soda. Ndiyo, cheka tu.

Siku ya kwanza shambani, saa tisa alasiri, nikasikia harufu ya kitu kama mpira unaoungua. Nikashuka, nikatemea mate kwenye kitovu cha gurudumu la kulia. Yalichemka. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema ni joto la jua, nikafunga trela la mahindi niende nyumbani. Kwenye mteremko nikakanyaga breki: upande wa kulia hamna kitu, sili ilishayeyuka na bitana mpya zinaogelea kwenye oili. Upande wa kushoto ukashika peke yake, trekta likageuka kushoto kama punda aliyeona nyoka. Kilichonisimamisha ni kichuguu. Mpaka leo watoto wa jirani wanakiita "breki ya mzee".

Tulipofungua, roli za beringi zilikuwa na rangi ya bluu kwa joto la kubanwa mno, na keji inayozishika imekatika vipande.

Sasa sikiliza kwa nini. Kwenye TE20 kila ekseli ina beringi moja tu ya roli za mshazari (zilizochongoka upande mmoja) huko nje, nayo inazuia msukumo wa upande mmoja tu. Ekseli ikisukumwa kwenda ndani, inaigonga ekseli mwenzake katikati ya difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu), na mzigo unakwenda kubebwa na beringi ya ng'ambo. Kwa hiyo hakuna "plei ya kushoto" na "plei ya kulia". Ni plei moja, ya wote wawili. Fundi wangu alidhani ametoa vibati viwili viwili. Kwa hesabu ya ekseli alitoa vinne. Wa kwako akitoa kimoja kimoja ametoa viwili, na hujui kama ulikuwa na nafasi hata ya nusu ya kimoja.

Mkono haukusaidii hapa. Plei ikishakuwa sifuri, mkono hauwezi kukuambia umepita sifuri kwa kiasi gani. Plei unayoiona inapimika, iliyokwisha haipimiki. Kwa hiyo anza na vibati VINGI kuliko inavyohitajika, ekseli icheze waziwazi. Legeza breki kabisa, maana bitana zikigusa dramu zitakudanganya. Kaza bolti zote pande zote mbili, bandika saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachosoma mwendo mdogo) kwenye uso wa kitovu, sukuma, vuta, soma. Tuseme imesoma 0.40 mm na kitabu cha trekta lako kinataka 0.15: unatoa vibati vya jumla ya 0.25, ukivipima kwa maikromita, si kwa jicho. Uvigawe pande mbili. Halafu pima tena. Ukiweka beringi mpya, hesabu ya zamani imekufa, anza upya.

Na asikupakie silikoni, ile gundi ya kuziba, badala ya kibati, nayo ina unene wake. Vibati ulivyotoa vifunge kwa waya, andika kushoto na kulia. Vyangu fundi alivitupa kwenye nyasi. Nilivitafuta na sumaku ya spika asubuhi nzima, nikapata kimoja na misumari kumi na moja.

Swali la bitana... nunua zozote zinazolingana na za zamani kwa upana na mkunjo, ila za zamani vumbi lake usilipulize kwa upepo, trekta hizi zilitoka Coventry kati ya 1946 na 1956 na bitana za wakati ule zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji. Sili nadhani ulitaja namba, nimeshasahau, nitarudi kuisoma.

Saa ya kupimia ninayo. Ukiwa upande wa Karatu njoo uiazime, ila fundi wako abaki nyumbani.