Barua kwa mwanangu: Umma Party ilikwenda wapi?

Mwanangu,

Umeniuliza: kama Umma Party ya Zanzibar kilikuwa chama kweli, mbona hakikutimiza hata mwaka? Na nani hasa aliyekiua?

Abdulrahman Babu alikuwa katibu mkuu wa Hizbu, yaani chama cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party). Katikati ya 1963, muda mfupi tangu atoke jela ya Waingereza, alivunjana na viongozi wenzake, akatoka na vijana wake wakaunda Umma. Kilikuwa chama kidogo, cha watu wa mjini: wasomi, waandishi wa magazeti, watu wa vyama vya wafanyakazi. Lakini kilikuwa na kitu ambacho vyama vikubwa havikuwa nacho. Zama zile mtu akikutajia chama chake ushajua anajiita kabila gani. Umma walikaa mkeka mmoja, Mwarabu, Mwafrika, Mngazija, wakizungumza habari za mnyonge na tajiri. Ndiyo maana nawaheshimu, ingawa baba yako hapendi nikisema hivyo.

Uchaguzi wa Julai mwaka huo ASP, chama cha Afro-Shirazi cha Karume, ilipata zaidi ya nusu ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu na wenzao wa ZPPP, chama cha watu wa Zanzibar na Pemba, wakashika serikali, uhuru ukaja tarehe 10 Disemba, na mwanzoni mwa Januari 1964 wakaipiga Umma marufuku. Babu akavuka bahari hadi Dar es Salaam. Usiku wa Mapinduzi, tarehe 12, hakuwapo Unguja. Makomred wake ndio waliokuwapo. Baadhi yao walikuwa wamefundishwa Cuba, wana ndevu na makombati, wanapiga kelele “Venceremos!”, hata waandishi wa Kizungu wakadhani Wakuba wenyewe wameshuka.

Sasa jibu la swali lako. Marufuku ya Hizbu haikukiua. Serikali iliyokipiga marufuku ilianguka siku chache tu baadaye. Chama kilijivunja chenyewe Machi 1964, kikaingia ndani ya ASP. Babu alikuwa ameshapewa uwaziri wa mambo ya nje, na baada ya Muungano akawa waziri bara. Wenzake wengine wakapata vyeo. Mimi naona walihama nyumba yao wakawa wageni kwa Karume, rais wa Zanzibar, na mgeni hapangi chakula kipikwe nini. Wao wakisema Mapinduzi hayawezi kuwa na vyama viwili. Huenda hawakuwa na hiari, maana bunduki nyingi hazikuwa mikononi mwao.

Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, waliokuwa Umma ndio waliokamatwa kwanza. Chama kilikuwa hakipo miaka minane, lakini orodha ya wanachama ilikuwa bado kichwani mwa watu. Babu alikaa kizuizini bara mpaka 1978 bila kesi huko, na huku Zanzibar akahukumiwa kifo asiwepo mahakamani. Nyerere hakumkabidhi kwa Zanzibar.

Mengine njoo tuzungumze barazani. Mjomba wako anayajua zaidi, ila umuulize baada ya kahawa.

Mama yako