Smith au Mount Holyoke kwa Kiingereza na sanaa? Mie nlisoma huko

Mdogo wangu wa Kisauni uloandika kwamba umepata Smith na Mount Holyoke, vyuo viwili vya wanawake huko Massachusetts, Marekani, wataka Kiingereza na uchoraji pamoja, na nyumbani kila mtu ana lake. Mie ni wa Mount Holyoke kwa hiyo ujue nna upande.

Kwa Kiingereza usijisumbue, kote utashiba. Mshairi Emily Dickinson alianza kwetu 1847, hakukaa sana akarudi kwao, mshairi Sylvia Plath kamaliza Smith 1955, majina ya kuringia yako kote. Halafu vyote viwili viko kwenye umoja wa Five Colleges, pamoja na vyuo vya jirani kama Amherst na UMass (chuo kikuu cha Massachusetts), ukiwa wa kimoja wachukua darasa kwengine na basi la kwenda huko hulipi. (Mama alifurahi sana "chuo cha wanawake watupu", sikumwambia wavulana wa Amherst wanapanda basi hilohilo kuja kusoma kwetu 😂)

Tofauti iko hapa, Smith ukishapita darasa moja la uandishi, nje ya somo lako kuu wajichagulia mwenyewe, kwetu lazima uguse sayansi, lugha, mpaka mazoezi ya mwili. Na wewe wataka masomo makuu mawili, hizo nafasi utazililia maana studio inakula siku nzima, fasihi waweza kusoma kitandani lakini mkaa wa kuchorea utausimamia mpaka usiku. Kuna wiki nlikuwa na insha na mchoro pamoja, nkaenda kula mikono myeusi kama muuza makaa wa Kongowea.

Makumbusho ya sanaa wote wanayo ndani ya kampasi. Ila pale Smith kuna chumba cha picha za karatasi, waweka miadi unatolewa picha mezani bila kioo. Nliinama mpaka nkaona pale sindano ya msanii ilipoteleza kwenye bamba la shaba lililochapia picha, ule mstari umepita mpaka wake kidogo tu, kama patasi inavyoteleza kwenye nakshi za milango ya Mji wa Kale. Nilikaa hapo nkasahau basi.

Sasa pesa. Usitizame skolashipu imeandikwa ngapi, tizama utabakiwa kulipa ngapi, ujumlishe bima ya afya, tiketi ya ndege na koti la baridi. Mie sikupigia hesabu rangi na karatasi, Oktoba sina kitu, koti nkaazima. Waulize vifaa vya studio nani ananunua na mwaka wa kwanza utaingia darasa gani la kuchora.

Pesa za kulipa zikikaribiana nenda Smith, roho yaniuma lakini ndo kweli. Mount Holyoke wakikuzidishia msaada mnono, chukua hiyo, Smith utaifata na basi. Kujibu kawaida ni mwisho Mei 1, waandikie leo, hapa ikigonga saa kumi jioni kule ndo kwanza saa tatu asubuhi.