Beba Mto wa Kochi Uende Nao Dukani

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza: mtu achague vipi taa itakayoendana na chumba chake? Mimi naishi Umoja, nyumba ya kupanga, kuta za krimu ambazo mwenye nyumba hataki ziguswe. Jibu langu ni hili: anza na balbu, taa yenyewe ifuate.

Mwanzoni nilifanya kinyume. Nilinunua mjini taa ya mezani ya kioo cheupe, shina la chuma linalong'aa, nikaiweka kwenye stuli kando ya kochi. Dukani ilipendeza kweli. Jua lilipotua, na hapa Nairobi hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, niliiwasha na sebule yote ikapooza. Viti vya mvule alivyoniachia mama, ambavyo mchana vina rangi ya asali, viligeuka kijivu. Mito ya rangi ya matofali ikawa kama tope. Vitambaa vya kroshia vilionekana kana kwamba vimetiwa buluu ya kufulia kupita kiasi.

Taa haikuwa na kosa. Balbu ndiyo iliyoandikwa 6500K. Hiyo K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: 2700 ni umanjano kama wa balbu za zamani, 4000 ni weupe wa ofisini, 6500 ni weupe unaoelekea buluu. Mbao, ngozi, mkonge, na vitambaa vyekundu au vya kahawia vinataka 2700 hadi 3000. Chumba cha kijivu na buluu chaweza kubeba 4000. Nilirudi na mto mmoja wa kochi hadi Luthuli Avenue, nikamwomba muuzaji aniwashie balbu mbili juu yake, moja baada ya nyingine. Hapakuhitajika maelezo.

Msidanganywe na wati pia. Wati ni stima unayolipia, mwanga wenyewe ni lumeni. LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, kama balbu ya zamani ya wati 60. Taa ya pembeni haihitaji zaidi ya nusu ya hizo, maana kazi yake si kumulika chumba kizima.

Kisha kofia ya taa. Kitambaa cheusi au kizito hutuma mwanga juu na chini tu, cha krimu huusambaza. Mimi nilitaka kitu kitakachozungumza na mbao za mama, nikaenda soko la Kariokor kutafuta kiondo cha mkonge. Kilichosukwa kwa kubana sana hakipitishi kitu, kwa hiyo nilikuwa nakiinua kimoja kimoja kuelekea jua nikiangalia ndani, hadi nilipopata kimoja kilichopenyeza vitone vidogo vya mwanga kati ya nyuzi. Fundi wa stima alikata kitako, akafunga holda ya kushika balbu, akaacha nafasi pande zote ili balbu isiguse mkonge. Hapo ni LED pekee, tafadhali. Balbu ya zamani hupata moto mkali na mkonge unashika haraka. Usiku vile vitone hupanda ukutani kwa safu, na ukuta ule wa krimu niliouchukia miaka yote umekuwa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kabla ya kulipa, tazameni kama holda ni ya pini au ya skrubu, ilingane na balbu yenu. Na mkifika nyumbani, ketini: ukingo wa chini wa kofia uwe sawa na macho, la sivyo balbu itawachoma macho kila mkigeuka.

Sebule yangu ina soketi mbili tu, na sikutaka waya ukatize mahali watoto wanapopita. Nilikihamisha kiti kimoja cha mama kikaja karibu na soketi, na sasa ndicho kinachogombewa kila jioni.