Shamba limejaa, sahani haina majani

Mwaka juzi mwezi wa sita nilikwenda Kilolo kumsalimia mama mkwe wangu. Nyuma ya nyumba mparachichi ulikuwa umeinama kwa matunda, na kule bondeni vinyungu, zile bustani za mabondeni, vilijaa kabichi na nyanya. Tulikaa siku tatu. Usiku ugali na maharage, asubuhi chai na viazi. Hakuna aliyekata parachichi hata moja, nami nikiwemo. Siku ya kuondoka nikamuuliza kwa nini hatuyagusi. Akanitazama kwa mshangao: "Mama Neema, hayo si ya kuuza?"

Njia nzima ya kurudi Iringa mjini swali lile halikunitoka. Mkoa wetu unalisha watu wengi. Ukipita Ilula utaona nyanya zilivyopangwa barabarani. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, karibu asilimia 57, wakati kwa nchi nzima ni 30. Udumavu una sababu nyingi, usafi na maradhi yakiwemo, wala si mboga peke yake. Hata hivyo namba hiyo inaniuma, kwa sababu chakula tunacho.

Nikaanza kuangalia nyumbani kwangu mwenyewe. Nilidhani shida ni pesa. Haikuwa hivyo.

Kwanza ni hilo neno lenyewe, "mboga". Kila jioni kwetu kunaulizwa, "Leo mboga nini?" Jibu likiwa dagaa au nyama, basi, mboga imepatikana, hakuna tena anayekumbuka mchicha. Majani yalikuwa yanapikwa siku ambayo hakuna kingine, na watoto walishalijua hilo: wakiona chainizi peke yake wanajua mfukoni hakuna kitu. Mtoto atapendaje chakula anachokiona ni dalili ya shida? Siku hizi nauliza maswali mawili: mboga nini, na majani gani? Siku ya nyama ndiyo siku ninayojitahidi majani yawe matamu zaidi, ya maboga kwa karanga. Karanga haziongezi ladha tu. Mafuta yake yanausaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani yale.

Matunda nayo tumeyafanya ya mgonjwa. Mtu akilazwa tunambebea machungwa na ndizi, akipona tunaacha. Mume wangu alikuwa akiona tunda ni la watoto. Sikubishana naye. Nilianza kukata parachichi na kuliweka mezani pamoja na ugali, lenye chumvi kidogo, kabla hajanawa mikono. Akala. Tunda zima lililokaa kwenye kapu jikoni linaweza kumaliza wiki bila kuguswa. Lililokatwa halimalizi dakika kumi. Mwezi wa saba, baridi ya Iringa inapokaza, watoto hawataki kitu cha baridi, kwa hiyo nayatoa matunda mchana jua likiwa limewaka, wakitoka shule, wakati njaa inauma na ubwabwa haujaiva.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kazi. Kumenya nyuzi za majani ya maboga kunakula nusu saa, na mwanamke aliyerudi nyumbani saa kumi na mbili hana nusu saa hiyo. Atapika maharage ya jana, na mimi simlaumu. Kwangu sasa majani yanamenywa na yeyote aliyekaa, Neema, kaka yake, hata baba yao akiwa anasikiliza taarifa ya habari. Naosha kwanza kisha nakata, kwa sababu ukikata ndipo uoshe, vitamini nyingine zinaondoka na maji. Magadi nimeacha kabisa kwenye majani: yanalainisha haraka, ila yanaua vitamini C.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi havihesabiwi humo. Nilipopima kwa mizani ya genge la jirani, nikaona parachichi moja la wastani na bakuli la majani vinakufikisha mbali. Kama una kiwanja kidogo, jaza udongo na samadi kwenye viroba vitatu, panda chainizi na mnavu, na mwagilia maji uliyosuuzia mboga. Mimi navichuma mlangoni.

Mwaka jana wakati wa kuvuna nilirudi Kilolo. Kabla dalali hajafika nilimwomba mama tenga moja tulitoe tuliweke ndani, kabla ya kuhesabu mengine yoyote. Alisita, akafikiria bei, kisha akalisukuma mwenyewe hadi chini ya kitanda. Jioni tulikula ugali, maharage na parachichi, na wajukuu wakagombania la mwisho.